Kiungo

Katika lugha yetu ya Kiswahili lipo neno moja linalobeba mizigo mitatu bila kulalamika. Neno hilo ni kiungo. Mganga akilitaja, hukusudia mahali ambapo mfupa mmoja hukutana na mwenziwe, kama vile goti au kiwiko. Mpishi akilitaja, hukusudia kitunguu, bizari au pilipili manga. Vitu ambavyo huyeyuka chunguni visionekane, lakini vikikosekana kila mlaji huuliza kilichopungua. Na mtangazaji wa mpira wa miguu akilitaja, hukusudia mchezaji wa katikati ya kiwanja, ambaye huupokea mpira kutoka kwa walinzi na kuufikisha kwa washambuliaji. Watatu hao hawaafikiani juu ya kitu, ila huafikiana juu ya kazi yake. Kazi yenyewe ni kuunga.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nimeliandika neno hili ubaoni mara nyingi, na kuwataka wanafunzi walitungie sentensi. Lakini ukweli haufichiki: sikulielewa mimi mwenyewe mpaka mwanafunzi mmoja aliponifundisha, tena kwa kuniaibisha. Kabla ya kumsimulia huyo, yanipasa kwanza nimsimulie mtu mwingine, ambaye wengi wenu mmelisikia jina lake. Mtu huyo ni McDonald Mariga, aliyekuwa kiungo wa timu ya taifa la Kenya.

Mariga alizaliwa Nairobi tarehe 4 Aprili 1987, katika ukoo ambao mpira ulikuwa kama chumvi ya nyumbani. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards. Mdogo wake, Victor Wanyama, naye alikuja kuwa kiungo mashuhuri na nahodha wa taifa. Na dada yao, Mercy, alijipatia sifa katika mpira wa kikapu. Walikulia katika mtaa wa Muthurwa. Sisi watu wa Kitui na Makueni hatuhitaji kuelekezwa Muthurwa, kwa maana mabasi yetu yafikapo Nairobi aghalabu hutushusha karibu na hapo, tukiwa na magunia yetu ya maembe na pojo, macho yametutoka kwa wingi wa watu. Ilikuwa katika msongamano huo, wala si katika jumba la kifahari, kijana huyo alipojifunza kuupiga mpira.

Mwaka 2005 alikwenda Sweden, nchi ya baridi na theluji, akazichezea Enköping na Helsingborg. Mwaka 2007 akaingia Parma, katika nchi ya Italia. Mwaka uliofuata Parma iliteremshwa daraja. Yeye alishuka na wenzake, akacheza nao huko chini, na mwaka 2009 akapanda nao tena. Jambo hilo husemwa kwa maneno machache, lakini halitendwi kwa siku chache.

Mnamo Januari 2010 mlango mkubwa ulimfungukia, kisha ukamfungia usoni. Manchester City ya Uingereza ilitaka kumnunua, bei ikazungumzwa, na sisi huku tukaanza kusherehekea. Kumbe sheria ya Uingereza ya wakati ule ilitaka taifa la mchezaji mgeni liwe miongoni mwa mataifa 70 ya kwanza katika orodha ya dunia, na Kenya ilikuwa nyuma ya hapo. Kibali cha kazi kikakataliwa. Tazameni jinsi mambo yalivyofungamana: mguu wake haukuwa na kosa, lakini alipimwa pamoja na wote waliovaa jezi moja naye. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Februari, Inter ya Milan ikamchukua. Mwalimu wa timu hiyo alikuwa Mreno, José Mourinho, na miongoni mwa wachezaji wake walikuwapo Waafrika wengine wawili mashuhuri, Samuel Eto'o wa Kameruni na Sulley Muntari wa Ghana.

Inter ya mwaka ule ilikuwa moto wa kiangazi. Ilichukua kombe la Italia, ikachukua ubingwa wa ligi ya Italia, na katika mashindano ya mabingwa wa Ulaya ikafika nusu fainali dhidi ya Barcelona. Tarehe 28 Aprili 2010, katika uwanja wa Barcelona, Inter ilicheza sehemu kubwa ya mchezo ikiwa na watu kumi tu, kwa kuwa mmoja wao alikuwa ametolewa nje. Katika dakika za mwisho, wakati kila pumzi ilikuwa na thamani, Mariga aliingizwa mahali pa Eto'o asaidie kulilinda lango. Inter ilifungwa bao moja siku ile, lakini kwa kuwa ilikuwa imeshinda kwa mabao matatu kwa moja nyumbani kwake, ikapita. Mtoto wa Muthurwa akawa anakwenda fainali.

Fainali ilichezwa Madrid, Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2010. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, nami nilikuwa kiungo wa timu ya chuo, jambo lililonitia kiburi kisichokuwa na msingi. Mwisho wa juma ule nilikuwa nyumbani Kitui. Tulilipa shilingi ishirini kila mtu, tukajazana katika banda la mabati lenye runinga moja, tukabanana kama nafaka ghalani. Mpira ulianza saa nne kasorobo usiku. Mariga alikuwa miongoni mwa wachezaji wa akiba. Kila kamera ilipopita kwenye benchi tulipiga kelele, kana kwamba kelele zetu zingevuka bahari zikamgusa Mourinho begani.

Diego Milito alifunga bao la kwanza, na baadaye la pili. Zamani hizo timu iliruhusiwa kubadilisha wachezaji watatu tu, nasi tulihesabu nafasi hizo kama mtu maskini anavyohesabu sarafu zake za mwisho. Ya kwanza akapewa Stanković. Ya pili akapewa Muntari. Ya tatu, dakika za nyongeza zilipokuwa zimekwisha kuanza, akapewa Materazzi. Filimbi ikalia. Inter ikawa bingwa wa Ulaya kwa mabao mawili kwa bila, timu ya kwanza ya Italia kuchukua makombe hayo matatu makubwa katika mwaka mmoja; na Mariga hakuwa amegusa mpira.

Tulipokuwa tunatoka bandani, mtu mmoja alisema kwa sauti, "Huyo ameshinda nini? Ameketi tu!" Watu wakacheka. Nami nilicheka, tena sikucheka kidogo. Njia nzima hadi nyumbani niliyakariri maneno yale na kuyaona yana akili. Sikujiuliza kwa nini, wakati nilipokuwa nacheka, Mariga alikuwa Madrid anavikwa nishani ileile waliyovikwa wenzake, bila ya mtu kumuuliza ameketi dakika ngapi. Nililiweka cheko lile akibani, na miaka kumi na mitatu baadaye nikalilipa pamoja na riba yake.

Mwaka 2023 nilikuwa nafundisha katika shule moja ya bweni upande wa Kibwezi, katika kaunti ya Makueni, na nilikuwa mlezi wa timu ya mpira. Palikuwa na kijana wa kidato cha pili, mkimya, mwenye miguu myembamba na macho mepesi, aliyetokea ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Nilimchagua kuwa kiungo wa akiba. Tulicheza michezo mitano katika muhula wa pili, na katika yote mitano nilimwacha benchini. Sina haya kwa hilo, kwa sababu waliocheza walikuwa wamemzidi kidogo, na kazi ya mlezi ni kuchagua. Alibeba mipira, alijaza chupa za maji, aliwafunga wenziwe viatu wakiwa wamechoka, na mazoezini alikimbia mpaka giza.

Tukashinda kombe dogo la eneo letu. Jumatatu asubuhi, shule nzima ikiwa imekusanyika, nilisimama na karatasi mkononi nikasoma majina ya mashujaa, kila mmoja akapita mbele na kupigiwa makofi. Niliyasoma majina ya waliocheza. Jina lake sikulisoma. Sikulisahau, ningekuwa nimelisahau, kosa langu lingekuwa dogo. Nililipita kwa makusudi, nikiona kwamba aliyeketi hakushinda kitu.

Alhamisi ya juma lile kitanda chake kilikuwa kitupu. Alikuwa ameondoka na sanduku lake. Siku mbili zikapita, na simu ya nyumbani kwao haikupatikana. Mambo ya watoto kuacha shule katika nchi yetu ya ukame si mageni: mvua ikikosa mara mbili, karo hukosa mara tatu, na kijana akipata sababu ndogo ya kuondoka, ziko sababu kubwa nyingi za kumzuia asirudi. Nilijua kwamba nikingoja, huenda nikangoja milele.

Jumamosi alfajiri nilipanda gari katika barabara ya Kibwezi kwenda Kitui. Tulivuka daraja la Athi, ambapo Makueni huiaga Kitui, tukapita katika nchi ya migunga na mibuyu, ardhi nyekundu, mbuzi wakipumzika penye kivuli chembamba. Niliteremka mbele ya Ikutha, nikachukua pikipiki, kisha nikatembea kwa miguu. Nilipoifikia nyumba yao, niliambiwa kwamba watu wote wamekwenda mtoni kwenye mwethya.

Kwa wale wasioijua Ukambani, mwethya ni kikundi cha majirani wanaofanya kazi pamoja bila ujira: leo kwangu, kesho kwako, na siku nyingine kwetu sote. Siku ile walikuwa wanajenga bwawa la mchanga. Mito yetu mingi huwa na maji juma chache tu kwa mwaka, kisha hubaki mchanga mtupu. Basi watu huchagua mahali penye mwamba chini, wakajenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto. Mafuriko yajapo huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo, jua lisiweze kuyanywa. Wakati wa kiangazi mtu akichimba kwa mikono hupata maji mahali ambapo mgeni angeapa kwamba hakuna hata tone.

Niliwakuta wamejipanga mstari mrefu kutoka kilimani hadi ukutani, wanawake kwa wanaume, wazee kwa vijana, wakipitishiana mawe mkono kwa mkono. Mwanafunzi wangu alikuwa katikati ya mstari. Hakuliokota jiwe lolote kilimani, wala hakuliweka jiwe lolote ukutani. Alilipokea kutoka kwa mkono wa kushoto, akalitoa kwa mkono wa kulia, akageuka kupokea jingine. Nilisimama nikamtazama kwa muda. Kama angeondoka mahali pale, mawe yangerundikana upande mmoja na fundi angekaa bure upande wa pili. Nikaliona neno langu la ubaoni limesimama mbele yangu, lina jasho usoni.

Bibi yake ndiye aliyeniona kwanza. Huko kwetu bibi huitwa susu, nami nilimwamkia kwa jina hilo. Alinitazama viatu, akanitazama uso, akauliza, "Mwalimu, umemfuata mtoto, au umemfuata mchezaji?"

Nikajibu, "Nimemfuata mtoto, susu."

"Basi shika mawe," akasema. "Maneno hayana haraka."

Nilivua koti nikaingia mstarini karibu na kijana yule. Tulifanya kazi hadi jua lilipokuwa utosini, bila ya kusemezana. Viganja vyangu, vilivyozoea chaki, vilichubuka. Tulipoketi chini ya mgunga kula muthokoi, nilimwambia yale niliyoyajia. Nilimwambia kwamba nimemkosea, na kwamba naomba radhi. Si jambo jepesi mwalimu kumwomba mwanafunzi radhi mbele ya bibi yake na kijiji chake. Lakini mzigo wa aibu ni mzito zaidi ukifichwa.

Alinyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi sikuchukizwa na kuketi. Nilijua walionizidi. Nilichukizwa kwa sababu jina langu halikusomwa, na wote walikuwa wanajua kwamba nilikuwapo."

Ndipo nilipomsimulia habari za Mariga: Muthurwa, Parma iliyoshuka, kibali kilichokataliwa, banda la mabati la Kitui, na cheko langu la usiku ule. Nikamwambia kwamba timu ile kubwa ya Milan ilikuwa na hekima ambayo mwalimu wake alikosa; ilimhesabu aliyeketi pamoja na waliokimbia, kwa sababu wote walifanya mazoezi pamoja, wote walifika nusu fainali pamoja, na wote walikuwa tayari kuitwa.

Akauliza, "Na baadaye ikawaje?"

Nilitamani kumpa hadithi tamu, lakini nilimpa ya kweli. Mwaka 2011 Mariga aliazimwa kwa Real Sociedad ya Hispania, na huko akaumia goti, kiungo kikamsaliti kiungo. Baada ya hapo hakupata tena kilele kile. Alirudi Parma kwa mkopo mwaka 2013, kisha akacheza katika timu ndogo zaidi: Latina, Oviedo, Cuneo. Wakati huohuo mdogo wake Victor alikuwa anapanda. Tarehe 7 Novemba 2012 Victor aliifungia Celtic bao dhidi ya Barcelona kwa kichwa, akawa Mkenya wa kwanza kufunga katika mashindano yale ya mabingwa. Kaka ndiye aliyetangulia kuionja njia, mdogo akapita humo akaenda mbele zaidi. Hata katika hilo Mariga alikuwa kiungo.

Mwaka 2019 mchezo wake ukakoma. Mwaka huohuo alisimama katika uchaguzi mdogo wa ubunge wa Kibra, kwa tiketi ya Jubilee. Tarehe 7 Novemba 2019, miaka saba kamili tangu bao lile la mdogo wake, kura zilipigwa, naye akashindwa na Imran Okoth wa ODM. Alimpigia simu mshindi akampongeza. Katika nchi yetu, ambapo wengi hushindwa uchaguzi bila ya kukiri, kitendo hicho kilisifiwa na watu wa pande zote.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akachukua sufuria tupu ya bibi yake, akasema, "Bado yapo mawe, mwalimu." Tukarudi mstarini.

Alirejea shuleni siku ya Jumatatu. Asubuhi ile niliomba ruhusa ya kusema kwenye mkutano. Niliyasoma majina upya, yote kumi na wanane, nikianza na la kwake, na nikaeleza mbele ya shule nzima kwa nini nayasoma mara ya pili. Makofi hayakuwa makubwa kuliko yale ya kwanza. Lakini alipita mbele, akasimama pamoja na wenziwe, na hilo ndilo alilokuwa akidai.

Msidhani kwamba kijana huyo baadaye alikuwa nyota. Mwaka uliofuata alicheza michezo kadhaa, na mingine aliketi. Aliendelea na masomo yake, na siku alizoketi hakuinamisha kichwa. Desemba 2024, Mariga alipochaguliwa kuwa makamu wa rais wa shirikisho la mpira la Kenya, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa habari kwa simu ya bibi yake. Alisema, "Mwalimu, yule mtu wako wa benchi ameitwa tena." Na mnamo Agosti 2025, Kenya ilipokuwa mwenyeji wa mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, pamoja na Tanzania na Uganda, na Nairobi ikajaa wageni na vifijo, niliwaza juu ya wale wanaotayarisha viwanja ambavyo hawatacheza wao.

Enyi vijana mnaosoma haya, wengi wenu mtakuwa watu wa katikati. Mtapokea kwa mkono mmoja na kutoa kwa mwingine: karani kati ya mwananchi na serikali, muuguzi kati ya daktari na mgonjwa, mwalimu kati ya kitabu na mtoto. Watu hawatawabeba mabegani kwa ajili hiyo. Fanyeni kazi hiyo vizuri hata hivyo, na muwe tayari kuitwa, ziwe zimebaki dakika tano au isibaki hata moja. Na siku mtakapopewa ninyi karatasi ya kusoma majina, isomeni yote. Mimi nilipita jina moja tu, likanigharimu safari ya kuvuka Athi, na lilikuwa karibu kumgharimu mtoto masomo yake.

Bwawa lile sasa limejaa mchanga. Susu ameniletea salamu kwamba kiangazi kilichopita hawakwenda mbali kutafuta maji. Ukipita juu yake huoni kitu ila mchanga mweupe na nyayo za mbuzi. Inakupasa kupiga magoti na kuchimba.